Mwenye Mimba Hanyimwi Ukuta

Kwanza niliusikia. Ukungu wa Bashay ulikuwa bado umeziba dirisha, nami nilikuwa nimejifunika blanketi mpaka puani kama mtu aliyesahau baridi ya kwao. Krr, krr. Kimya. Kisha krr tena, mkwaruzo mdogo, wenye subira, kama wa panya anayejua kwamba paka wa nyumba hii amezeeka. Halafu kitu kikavu kikavunjika katikati ya meno ya mtu.

"Dada?"

"Lala wewe."

"Unakula nini?"

"Nakula nyumba ya mama yako," akasema, na nikamsikia akicheka huku mdomo umejaa.

Mwanga ulipoingia nikawaona wote wawili. Dada yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, tumbo la mimba limetulia mapajani mwake, ukucha wa kidole gumba ukitafuta ufa ukutani. Kando yake alisimama binti yake, peku juu ya saruji ya baridi, gauni la kulalia likimburuza, naye anabandua. Vidole vyake vyembamba viliingia kwenye nyufa ambazo mama yake hakuzifikia. Rangi ilitoka kama magamba ya njano, na nyuma ya kila gamba ilishikamana chembe ya udongo wa zamani. Mtoto aliweka gamba ulimini, akafumba macho, akalisikiliza.

Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Arusha kusaidia kuvuna maharage. Nilipowaona vile sikushtuka hata kidogo. Nilijisikia nimefika nyumbani.

Kwetu mwenye mimba hanyimwi ukuta. Nyumba zetu za zamani zilikandikwa kwa udongo, na kila mwaka Krismasi ikikaribia wanawake walishuka korongoni kuchimba ule mweupe, wakaupaka kwa viganja ndani na nje. Mvua ikinyesha juu yake, nyumba nzima ilinukia kama chungu kipya kilichotiwa maji. Harufu hiyo ndiyo iliyowaita. Jirani mwenye mimba angeingia bila hodi, akaenda moja kwa moja kwenye kona anayoitaka, kwa maana kila nyumba ilikuwa na ladha yake, akabandua kipande na kwenda zake. Hakuulizwa. Kumuuliza ni kumwaibisha aliyemo tumboni. Mjini wanawake hununua pemba sokoni, vile vidonge vya udongo vilivyochomwa. Kwetu kununua udongo lilikuwa jambo la kuchekesha, sawa na kununua upepo. Mama husema kwamba kabla sijazaliwa nilikuwa nimeshamaliza kona nzima ya nyumba ya bibi.

Aliyeileta rangi ya njano alikuwa Bwana Afya. Ndivyo tunavyomwita afisa afya wa kata, yeyote awaye. Huyu alitokea mkoa wa mbali wenye joto, akashuka kwenye basi akiwa na shati la mikono mifupi na mkoba mmoja, na wiki ile ile mama akampa koti la marehemu baba kwa sababu alishindwa kuvumilia kumwona mtoto wa mtu akitetemeka barabarani. Baadaye akamnunulia sufuria. Sisi tunafuga nguruwe, na kijana alikuwa Mwislamu. Basi mama akanunua sufuria mpya isiyojua nguruwe, akaitundika kwenye msumari wake peke yake, na ole wake ambaye angeigusa. Siku za Jumapili Bwana Afya alikuja akamchinja kuku mwenyewe, mama akampika katika sufuria ile, nasi sote tukala. "Mwanangu," mama alimwita. Kaka yetu mmoja aliye kazini Mwanza hakuwahi kupata kuku wengi kiasi kile.

Serikali ilikuwa imeleta kampeni ya makazi bora, na yeye ndiye aliyeipandisha mlimani kwetu kwa miguu. Siwezi kusema alitudanganya tangu mwanzo. Alimwambia mama atoe ndama ndani ya nyumba, mama akatoa. Alimwambia atoboe madirisha. Alimwonyesha jinsi ya kujenga jiko lenye bomba la kutolea moshi, akakoroga udongo kwa mikono yake, na kikohozi cha mama, ambacho mimi nilikuwa nimekizoea kama mlio wa bawaba ya mlango, kikakoma. Hivi mtu akikuondolea kikohozi cha miaka yote hiyo, utamshuku kwa lipi?

Kisha akasema kuhusu kuta. Ukuta wa udongo hauoshwi, alisema, una nyufa, na nyufa zinafuga kunguni na papasi. Ukipakwa rangi ya mafuta unapanguswa kwa kitambaa na sabuni kama sahani. Jumamosi moja akaja na makopo aliyokuwa amepewa kwa ajili ya nyumba moja ya mfano katika kata, amevaa kofia ya gazeti, akashika brashi. Mama alichagua njano. Alisema inafanana na kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Wakapaka sebule na chumba cha kulala, wakicheka, yeye juu ya kiti na mama akimshikilia miguu, na walipomaliza mama alikaa katikati ya chumba kama mgeni katika nyumba ya tajiri, hataki kuegemea popote.

Wageni walikuja. Wa wilaya kwanza, halafu wa mkoa, wakiwa na magari yaliyotapakaa vumbi jekundu. Walipiga picha mama akiwa amesimama mbele ya ukuta, amevaa kitenge cha kanisani. Bwana Afya alisimama kando yake. Nyumba yetu ikaitwa nyumba ya mfano, na barabarani watu wakaanza kutuelekeza kwa jina hilo.

Lakini rangi ya mafuta na udongo si ndugu. Mvua zilipokuja ukuta ulivimba, zilipokwisha ukasinyaa, na rangi ikaanza kujikunja pembeni kama gome la mti. Mama alisikitika. Wanawake hawakusikitika. Walirudi kama zamani, bila hodi, na jirani yetu mmoja, msichana wa juzi tu aliyeolewa nyumba ya chini yetu, mcheshi kuliko wote, alisema akiwa bado anatafuna, "Mama, ukuta wako siku hizi una sukari. Au Bwana Afya anaukoroga kama chai yake?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Ni kweli ulikuwa na utamu. Dada naye alisema hivyo. Mumewe ni dereva wa malori, hana siku ya kurudi, kwa hiyo dada alikuwa amehamia kwa mama tangu binti yake ana miezi michache. Mtoto alijifunza kutambaa kando ya ukuta ule. Alijifunza kubandua kwa kumwangalia mama yake na majirani, jinsi watoto wengine wanavyojifunza kupepeta kwa kuwaangalia wanaopepeta.

Katika siku zile za maharage ndipo nilipogundua kwamba mtoto haongei. Nilipokuja mara ya mwisho alikuwa na maneno. Alisema maji, alisema ndama, alisema toka, na neno la mwisho alimwambia kila mtu hadi mchungaji. Sasa alininyooshea kikombe bila sauti. Akishikwa na tumbo alijikunja sakafuni na kulia kilio cha mtu mzima, kisha akalala ghafla. Ngozi yake ilikuwa imepauka.

"Ni minyoo," mama alisema. "Mwanangu ameshamletea dawa mara mbili."

"Na hajapona?"

"Atapona. Dawa ya minyoo haina haraka."

Tukampeleka Haydom. Basi la Haydom ni wodi inayotembea: mzee amelazwa kwenye kiti cha nyuma, mama mwenye chupa ya uji, godoro limefungwa juu ya keria. Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Alimpima mtoto, akamtazama fizi, akamwita jina lake mara kadhaa, kisha akamgeukia dada.

"Anakula nini ambacho si chakula?"

Dada alicheka kwa aibu. "Ukuta, daktari. Sote tunakula."

"Wa udongo?"

"Wa udongo. Umepakwa rangi."

Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza ni rangi gani, ya maji au ya mafuta, ina muda gani, inabanduka au haibanduki. Akauliza dada ana mimba ya miezi mingapi. Alichukua damu ya wote wawili, ikapelekwa maabara kubwa mbali, na tulisubiri majibu tukiwa tumepanga chumba karibu na stendi, kwa sababu alitukataza kumrudisha mtoto katika nyumba ile hata kwa siku moja.

Majibu yalipokuja alitufungia mlango wa chumba chake na kutueleza polepole. Ndani ya rangi za mafuta za aina ile, hasa zile zinazong'aa, viwanda vingine vilikuwa vikitia madini ya risasi, yale mazito yaliyomo kwenye betri za gari. Hayo ndiyo yanayoipa rangi mng'ao na ule utamu. Yakiingia mwilini mwa mtoto yanakaa kwenye mifupa, yanakwenda kichwani. Ya mama mwenye mimba yanavuka na kumfikia aliyemo tumboni.

"Maneno yake yatarudi?" dada aliuliza.

"Mengine, labda. Nitakuwa mwongo nikikuahidi yote."

Akampa mtoto dawa, akampa dada vidonge vya madini ya chuma, akasisitiza maziwa na mboga. Kisha akasema jambo ambalo tulirudi nalo Bashay kama moto uliobebwa kwenye kigae: "Mmesema majirani nao wanakula. Kila mwenye mimba aliyebandua ukuta ule aje apimwe. Waambieni mapema, wasisubiri kujifungua. Na ukuta msiukwangue mkavu, vumbi lake ni baya kuliko gamba."

Tulihamia jikoni, kwenye nyumba ndogo ya udongo isiyopakwa kitu. Mama alifunga sebule na chumba. Akaenda kwa majirani nyumba kwa nyumba.

Na hapo ndipo tulipogonga mwamba, kwa maana hakuna lugha kwetu ya kumwambia mwenye mimba asiguse ukuta. Neno lolote utakalolichagua linasikika kama uchoyo. Yule jirani mcheshi, ambaye sasa alikuwa na mimba kubwa kama ya dada, alimsikiliza mama mpaka mwisho, akakunja uso.

"Kwa hiyo mama unaninyima."

"Sikunyimi, mwanangu. Nakwambia una sumu. Nenda Haydom wakupime."

"Sumu? Bwana Afya mwenyewe alishika brashi, tulimwona na kofia yake ya gazeti. Angekuletea sumu wewe? Wewe unayempikia?" Akajifunga khanga upya. "Sema tu umeshakuwa mtu wa nyumba ya mfano, sisi tunakuharibia."

Siku mbili baadaye, tulipokuwa shambani, alikuja. Tulikuta kufuli ya sebule imekaa vilevile, lakini nje, pale ambapo Bwana Afya alikuwa amepaka kipande cha ukuta kuzunguka mlango, kulikuwa na jeraha jipya la udongo, kubwa kama kiganja.

"Mwanangu akija atawaambia," mama alisema. "Wakimsikia yeye wataenda."

Bwana Afya alikuwa safarini kikazi. Wakati tunamsubiri nilishuka Mbulu mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikitaka kujua kama ile rangi bado inauzwa. Muuzaji alikuwa mwanamume mnene mwenye mzaha. Nikamwambia natoka Bashay.

"Njano ya mafuta? Ile ya kopo lenye mfuniko mwekundu? Hiyo dada hata kwa dawa huipati. Serikali imeipiga marufuku, ina risasi. Walibeba makopo yote, hata lile nililokuwa nalikalia."

"Walikuja lini?"

"Aa, zamani. Mwaka juzi, Pasaka inakaribia. Watu wa mkoa, pamoja na yule Bwana Afya wenu wa huko juu. Mkali huyo! Alisimama hapo hapo uliposimama akanihubiria kama mchungaji. Eti rangi hii inaharibu akili za watoto, nikiificha hata kopo moja atanifungia duka. Mpe salamu zangu, mwambie sikuficha."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi ya duka. Bodaboda mmoja akaniuliza kama naumwa.

Mwaka juzi, Pasaka. Nilikuwapo nyumbani Pasaka ile. Bwana Afya alikuja, mama akampikia kuku. Alikaa kwenye benchi, mgongo wake ukiegemea njano. Mtoto wa dada alikuwa amechoka kutambaa. Akashika ukuta kwa mikono miwili, akajivuta, akasimama mwenyewe kwa mara ya kwanza. Sote tulipiga makofi. Yeye ndiye aliyepiga kwa sauti kuliko wote.

Alijua. Alikuwa ameyasema maneno yale dukani, kwa mdomo wake, siku chache tu kabla. Kisha akaja kula, akaona vidole vile ukutani, akapiga makofi. Halafu mtoto alipougua akamletea dawa ya minyoo.

Sikumwambia mama njiani wala jikoni. Nilisubiri Bwana Afya aje, nilitaka mama asikie kwake. Akaja Jumapili, akapiga hodi, akaamkia shikamoo kwa unyenyekevu wake ule ule. Tulikuwa tumekaa jikoni kuzunguka jiko lake. Nikamweleza nilichosikia dukani. Hakuuliza habari ya mtoto kwanza. Aliuliza, "Nani amewaambia hivyo?"

"Muuza duka. Anakusalimu."

Dada alikuwa amempakata binti yake, na mtoto alikuwa akimtazama Bwana Afya kwa macho ya mtu anayetafuta neno.

"Ningefanyaje?" akasema mwishowe, akimtazama mama peke yake. "Mama, nyumba hii imo kwenye picha za mkoa. Wageni wametoka mbali kuja kuiona. Yale makopo nilipewa kwa nia njema, hakuna aliyejua wakati ule. Ilipojulikana, nikawaza, nikisema nyumba ya mfano ndiyo yenye sumu, nitaonekana nani? Nikasema nitatafuta njia taratibu."

"Taratibu," dada alisema. "Mtoto amesahau kuomba maji. Hiyo ndiyo taratibu yako?"

"Dada, nisamehe."

"Usiniite dada."

Mimi nilitaka mama amfukuze. Lakini mama alikuwa ameinamisha kichwa, na alipokiinua alisema ule usemi wa wanawake: mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Amekosa, alisema, ataosha. Kisha akamwomba jambo moja tu. Kesho kutwa kulikuwa na mkutano wa kijiji. Asimame awaambie wanawake kwamba rangi ile aliipaka yeye, kwamba ina sumu, na kwamba kila mwenye mimba aliyebandua aende Haydom.

"Wakikusikia wewe wataenda. Mimi wananiona mchoyo."

"Nitasema, mama," akajibu. Alimshika mama mikono yote miwili. "Naapa nitasema." Na machozi yalimtoka. Niliyaona. Mpaka leo sijui machozi yale yalikuwa ya nini.

Mkutano ulifanyika uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa mbele. Bwana Afya alikuja na koti la baba. Mtendaji wa kijiji akamkaribisha, na alizungumza vizuri, kama kawaida yake: vyoo, chanjo, mbwa wa kuchanjwa. Kisha akafika kwenye rangi.

Alisema serikali imefanya kazi kubwa kuondoa rangi zenye madini mabaya madukani. Alisema katika kata yetu zimeondolewa zote, yeye mwenyewe alisimamia, na tatizo limekwisha. Watu wakapiga makofi. Mama alikuwa amenyoosha shingo, akisubiri.

"Nimesikia maneno yanazunguka kwamba watu wana sumu, waende hospitali," akaendelea. "Ndugu zangu, msiwasikilize wasio wataalamu. Kama ipo kaya iliyojipakia rangi yenyewe bila kutuuliza sisi, hilo tutaliangalia na wenyewe. Sitaki kutaja mtu hapa."

Sauti ya kike ikatoka nyuma: "Hata usipotaja, njano inaonekana toka barabarani!"

Kicheko kikapita uwanjani. Dada alisimama na tumbo lake. "Brashi aliishika nani?" akauliza. "Waambie. Brashi aliishika nani?"

Bwana Afya alishusha sauti, ikawa laini kabisa, ile aliyokuwa akiitumia kwa wagonjwa. "Dada yetu ana uchungu wa mtoto," akawaambia watu. "Tumwelewe."

Mtendaji akamwambia dada akae, maswali yana muda wake. Muda wake haukufika. Watu walipotawanyika yule jirani mcheshi alipita karibu nasi, mkono kiunoni, akitembea kwa ule mwendo wa mimba iliyoshuka. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeondolewa hofu.

"Umesikia, mama? Tatizo limekwisha. Ulitaka kuninyima tu." Akamgusa mama bega, kwa upendo. "Nimeshakusamehe. Nitakuja kesho."

Njiani kurudi mama alisimama mara moja, akaushika mti wa uzio wa watu, kisha akaendelea.

Siku ile ile Bwana Afya alikuja jua likielekea kushuka. Mama alimsikia akipiga hodi upande wa jikoni, akatoka, akachukua ufunguo, akafungua sebule. Tangu turudi Haydom hatukuwa tumeingia mle. Akamkaribisha ndani, nasi tukawafuata hadi kizingitini, mtoto akiwa mgongoni kwangu. Magamba yalikuwa yamedondoka chini ya kuta zote, mstari wa njano kuzunguka chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Alitafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limeegemea ukuta. Akalivuta katikati kwanza, nami niliona jinsi alivyolivuta bila kufikiri, kwa uangalifu, ili nguo isiguse.

"Nimekuja kuaga," akasema. "Nimepata uhamisho. Nakwenda Hanang, Gehandu. Nitasimamia mambo haya haya ya makazi. Barua ilikuja wiki iliyopita, ndiyo maana, mama, mambo yalikuwa magumu pale mkutanoni. Wangenizuia uhamisho. Lakini nitakapofika nitawaandikia wilaya walete chokaa, waje wafunike ukuta huu vizuri."

"Gehandu nako kuna wenye mimba," dada alisema.

Mama alikuwa amesimama, mikono ndani ya khanga.

"Nyumba ya yule binti jirani iko hapo chini," mama akasema. "Unaiona kutoka dirishani. Dirisha ulilitoboa wewe. Sitaki chokaa. Twende mimi na wewe sasa hivi, umwambie yeye peke yake. Hakuna mkutano, hakuna mtendaji. Mwambie aende Haydom kesho asubuhi, basi. Ukitoka hapo nenda Gehandu, nenda popote."

"Mama, akijua yeye watajua wote."

"Ndiyo."

"Pikipiki inanisubiri barabarani."

"Isubiri."

Akatazama simu yake. Kisha akatazama sakafu. "Siwezi, mama," akasema. "Nielewe. Siwezi."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyolitazama shamba lililoliwa na mvua ya mawe, bila hasira, akipima kilichobaki. Nikadhani atalia. Nikadhani atamwambia atoke. Badala yake alikwenda kwenye ukuta, karibu na dirisha, akabandua gamba kubwa kuliko yote, akalifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Utaenda kumwambia nini?" nilimuuliza. "Hatakuamini."

"Nitakaa kwake mpaka aniamini. Nitalala hapo. Akinifukuza nitalala mlangoni pake."

"Mama, kaa kwanza tuongee," Bwana Afya akasema, akainuka nusu kwenye benchi.

"Kaa wewe," mama akamwambia. "Nyumba ni yako. Uliipaka."

Alivua viatu vya kanisani, akavaa ndala zake za shamba, akatupita kizingitini, sisi tukarudi uani tukaganda kama picha, akavuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.